Kilo ya Priscille

Wamama wa Nguba walinipa cheo ambacho hakuna chuo kinachokitoa: Papa Kilo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, diploma ya Serikali yenye asilimia hamsini na tatu, na kazi hakuna. Vita ilikuwa imefunga ofisi, barabara na masomo. Kilichobaki wazi ni mdomo wangu. Basi nilimfunga mtoto wa dada yangu mgongoni kwa kitenge, nikasimama kwenye mstari kati ya wamama arobaini, na waliponiuliza nimezaa lini nikawajibu, "Kwa operesheni, maman. Ata sasa kidonda kinaniwasha."

Kilo, yaani siku ya kupima watoto, ilikuwa kila Jumatano ya pili ya mwezi. Mzani ulining'inia kwenye boriti ya baraza ya kituo cha afya. Mtoto anavalishwa kaptula ya turubai yenye mikanda, anatundikwa kama mkungu wa ndizi, analia, muganga anasoma namba kwa sauti na kutia nukta kwenye fishi, kadi ya mtoto. Nukta za kila mwezi zinaunganishwa zinakuwa mstari. Mstari ukipanda, mama anapigiwa makofi. Ukishuka, watu wanakaa kimya. Na kama hujawahi kusikia wamama arobaini wa Bukavu wakikaa kimya kwa pamoja, usiombe usikie.

Aliyeongoza makofi hayo alikuwa mama yangu mzazi, Maman Eulalie. Pale kituoni alikuwa mama wa mafundisho. Kabla ya kupima alisimama mbele na kijiti chake na picha zake za karatasi, akafundisha kunawa mikono, chanjo ya surua, na uji wa masoso, yaani soya, mtama na mahindi pamoja. Hakulipwa chochote, ila heshima. Akipita sokoni Nguba, wasichana wenye mimba waliinuka kwenye viti.

Priscille alikuwa wa dada yangu Chantal. Mwaka ule wa elfu mbili, Chantal alipanda ndege ndogo kwenda Shabunda kuuza vitenge na sabuni kwa wachimbaji wa dhahabu. Siku kumi tu, alisema. Akamwachisha mtoto ziwa siku moja, kama mtu anayezima taa, akaondoka. Priscille alikuwa na miezi minane. Siku ya tisa wapiganaji wa Mai-Mai wakafunga mji wa Shabunda kila upande, ndege zikaacha kwenda, na siku kumi zikawa miezi mitatu.

Kwetu nyumbani masoso yaliisha ndani ya mwezi wa kwanza. Soya ilikuwa haifiki, maharagwe ya Kalehe yalikuwa yanaliwa na bunduki njiani, na maziwa, aa, maziwa tuliyakumbuka tu. Maman alimpikia mtoto uji wa muhogo mtupu, mweupe, mzito, mtamu kidogo kwa sukari. Kisha siku ya kilo anasimama mbele ya wenzake kufundisha masoso. Sikumcheka. Nacheka vitu vingi, lakini hicho hapana.

Mwezi wa tisa wa Priscille mstari ulishuka. Kilo sita na gramu mia nane, kutoka saba na mia moja. Kimya kikaanguka. Maman alikunja picha zake bila kumaliza wimbo. Nyumbani alivua kitambaa cha kichwa, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na siku tatu hakwenda misa.

Jumamosi yake tulienda kuongea na Chantal kwa foni, ile redio ya mbali ya karibu na parokia, ambako ukimaliza sentensi lazima useme "ova" ili mwenzako aanze. Kitu cha kwanza Chantal aliuliza:

"Mutoto iko na kilo ngapi? Ova."

"Iko muzuri," Maman akasema. "Ova."

"Maman, mi naulizaka kilo. Ukinificha mutoto, nitarudi na miguu. Kuko watu wanapita mu forêt. Ova."

Wale waliopita msituni, tulijua wachache waliofika. Maman aliniangalia mimi. Nikachukua kile chombo, nikasema, "Iko na kilo za kutosha, akikua atakupiga. Ova." Chantal alicheka kwa mbali, sauti imejaa mchanga.

Hapo ndipo wazo likaniingia. Nasema liliniingia kama vile sikulifungulia mlango.

Kilo iliyofuata, wakati Maman yuko mbele anafundisha, mimi ndiye nilikuwa na mtoto. Asubuhi nilikuwa nimetoa mawe manne ya radio yetu, yaani betri, yale makubwa ya duara, nikayafunga ndani ya kitambaa kiunoni mwa Priscille, chini ya jaketi yake ya sufi. Baridi ya Julai, hakuna aliyeshangaa jaketi. Nikamtundika mwenyewe. Muganga Jean-Marie akasoma:

"Saba kamili!"

Makofi! Maman aligeuka na kijiti mkononi, uso wake ukafunguka, akaanzisha wimbo mwenyewe. Sikuwa nimeuona uso ule tangu Chantal aondoke. Nilijiambia: ni mzaha mdogo, Chantal akirudi tutausimulia mezani, tutacheka mpaka tulie. Tulipofika nyumbani Maman akafungua radio asikie habari, radio ikanyamaza. "Imekufa na furaha," nikamwambia, na nikaenda uani kuyafungua yale mawe.

Kwa foni wiki ile alimwambia Chantal namba nzima, kwa sauti ya mwalimu: saba kamili, ova. Chantal akasema basi, atangoja ndege.

Sasa sikiliza jinsi mzaha unavyojilipa. Mwezi wa Agosti Priscille alinenepa. Mashavu yakajaa. Miguu ikawa mizito, mizuri, ya kubana. Wajirani walipita wakasema Maman Eulalie ana mkono wa kulea. Maman alikuwa akimgeuza mtoto huku na huku, akimwonyesha kama jogoo wa soko.

Mimi ndiye nilimuogesha Jumatatu. Nilimvua soksi, nikaona alama ya mpira wake imechimba mfereji kuzunguka mguu. Nikabonyeza kidole gumba kwenye mgongo wa mguu. Nilipokiondoa, shimo likabaki. Nikangoja lijae. Halikujaa. Likabaki palepale, linaniangalia, kama tundu la kidole kilichochomekwa kwenye bugali ya moto.

Picha ya sita ya Maman ni mguu wenye shimo. Nimesikia somo lile mara ishirini, naweza kuliimba: mtoto wa bwaki anavimba, msidhani ni unene, ni maji, ni njaa imevaa nguo ya shibe. Nywele zinakuwa za rangi ya kutu. Hacheki. Nikamwangalia Priscille. Nilimfanyia ule uso wangu wa mbuzi anayekula karatasi, uso ambao hata askari wa barrière ya barabarani aliwahi kuucheka. Priscille alitazama ukuta.

"Maman," nikaita, "uyu mutoto anavimba."

"Ni mafuta."

"Ona mguu."

"Zagabe, acha bule yako." Hata hakuinuka. "Mwezi ule umepita alipandisha gramu mia mbili, kwa fishi, kwa macho ya watu. Bwaki itoke wapi? Mutoto wa bwaki anapandishaka? Mi njo nafundisha ile kitu, ao ni weye?"

Nikafungua mdomo. Mdomo ule wangu wote, unaojibu kabla swali halijaisha. Nikaufunga. Nilijiambia kwamba Jumatano iko karibu. Jean-Marie hubonyeza miguu ya kila mtoto, ndiyo kazi yake, hata hajui kusalimia bila kubonyeza mguu. Ataona mwenyewe. Hatakuwa na haja ya mimi.

Jumanne sikuweza kukaa. Nilishuka mpaka ziwani, nikapanda mpaka barabara kubwa, nikashuka tena. Saa sita nilikuwa nimembonyeza mtoto mara nne. Maman akaniuliza kama nimekula pilipili.

Jumatano mji wote ulikuwa kama mimi. Watu wa mashirika ya raia walikuwa wametangaza kwamba kesho ni siku ya mji kufa: hakuna soko, hakuna kazi, kila mtu nyumbani, ili wakubwa wenye bunduki wajue hatuwataki. Kwa hiyo kila aliyekuwa na jambo la kufanya alilifanya siku ile moja. Barazani hapakuwa na wamama arobaini. Walikuwa mia, na watoto wamejaa mpaka kwenye ngazi. Upande wa Bagira milio miwili ilisikika, pa, pa, kisha kimya, kisha kila mtu akajifanya hakusikia na kusogea hatua moja mbele.

Maman alifundisha dakika tatu badala ya thelathini. Jean-Marie alikuwa peke yake, mwenzake hakufika. Alifanya kazi kama mtu anayepakua lori.

"Tundika! Sita na mia tano. Shusha. Mwingine! Iyo chanjo ni ku meza ya pili, maman, usinisimamie apa."

Nikatazama mikono yake. Hakubonyeza mguu wa yeyote. Hakumvua yeyote. Watoto walipita na kofia, jaketi, viatu.

Nyuma yangu alikuwa Noëlla, mjirani wetu, mwenye mapacha wawili na ulimi wa watu watatu.

"Papa Kilo! Leo umeleta mutoto ao umeleta monseigneur, askofu muzima? Ona ile mashavu!"

"Ni ya kukodi," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Yee! Leo chumvi yako imeisha. Uko na malaria?"

Priscille aliwekwa kwenye kaptula ya turubai na soksi zake nyeupe, zile za sikukuu, alizovalishwa na bibi yake. Alining'inia kichwa upande, mikono imelegea. Hakulia. Watoto wote wa asubuhi ile walilia, hata wale wa Noëlla wenye shingo za ng'ombe.

"Saba na mia mbili!" Jean-Marie akasoma. Akatia nukta, akachora mstari: kutoka saba kwenda saba na mia mbili, unapanda, safi kama barabara ya kabla ya vita. "Bien. Mwezi ujao. Mwingine!"

Makofi yalikuwa ya haraka, lakini yalikuwepo. Maman mbele alinipungia kijiti.

Nilichukua fishi. Nilichukua mtoto. Nilitembea mpaka kwenye lango. Nje, gari la askari lilipita kwa kasi, nyuma wamesimama kama miti. Nikasema kwa moyo: mwezi ujao atabonyeza. Kisha nikahesabu mwezi una siku ngapi, na nikamtazama Priscille, naye akautazama ukuta wa lango.

Nikarudi. Nikapita wamama wote wa mstari.

"Ehe! Unajipitisha wapi, weye?"

"Muganga," nikasema, "futa nukta ya mwezi ule umepita."

Jean-Marie hakuinua kichwa. "Nini?"

"Ni ya bongo, ya uongo tu. Nilimutia mawe ya radio mu kiuno. Mawe ine."

Mstari ulipasuka kwa kicheko. Walicheka kweli, wale wamama, kwa hofu yote ya asubuhi ile, walicheka mpaka wengine wakashikana mabega.

"Mawe ya radio!" Noëlla alipiga kofi pajani. "Njo maana mutoto anatoa habari ya saa moja!"

"Si mzaha."

"Zagabe huyu! Mungu alimupa mudomo, akasahau break."

"Si mzaha!" Nilipiga kelele, na wakacheka zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya siku zote: nilipandisha sauti mwishoni. Maisha yangu yote nilikuwa nimewafundisha hawa watu wasiniamini, na walikuwa wanafunzi wazuri.

Mlio mwingine ukasikika, karibu zaidi sasa, na kicheko kikakatika. Wamama wakaanza kufunga watoto migongoni. Jean-Marie akainuka, akaanza kukusanya fishi kwenye sanduku. "Basi, basi, ambao hawajapimwa warudi Ijumaa. Endeni ku manyumba."

Nikaona mlango unafungika. Nikamweka Priscille juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, nikavuta soksi moja. Nikabonyeza gumba, nikahesabu mpaka tatu kwa sauti, nikatoa. Nikauinua ule mguu mdogo juu, kila mtu auone.

Hapo kimya kikaja. Kile chenyewe.

Maman alitoka mbele akiwa bado na kijiti. Watu walimpisha. Hakuniangalia. Aliweka kijiti chini, akavua soksi ya pili polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. Akabonyeza gumba lake mwenyewe. Akaliacha pale muda mrefu, mrefu kuliko inavyotakiwa, kama mtu anayeogopa kutoa mkono. Alipoutoa aliinama akatazama karibu kabisa.

"Picha ya sita," akasema.

Ilikuwa sauti ya mafundisho. Ilianza vizuri na ikavunjika katikati.

"Maman Eulalie..." Jean-Marie alianza.

"Andika, muganga. Bwaki. Miguu yote mbili. Andika na jina ya nani anamulisha: ni miye. Uji ya muhogo, miezi mitatu." Aligeuka kwa wamama, wale waliokuwa wamebaki. "Munasikia? Kwangu hakukuwa masoso. Niliwafundisha kitu sina."

Noëlla, ulimi wa watu watatu, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kisha alimvuta pacha mmoja mbele, akamvua kiatu, akambonyeza. Mwanamke wa pembeni yake akafanya vilevile. Baraza zima, risasi zikisikika upande ule, wamama waliinama wakibonyeza miguu ya watoto wao. Wawili hawakuinuka haraka.

Jean-Marie aliandika karatasi tatu za kwenda hospitali. Tulipanda na moja yetu mpaka hospitali kubwa ambako kulikuwa na nyumba ya watoto wa bwaki. Maduka yalikuwa yanashusha milango, watu wanashuka mbio, sisi tunapanda. Nilisema nimsaidie kubeba. Maman alikaza kitenge, akaendelea kupanda. Nilisema njia ya chini ni salama zaidi. Akafuata njia ya chini, bila kujibu. Angenipiga ningefurahi, mtoto wa Mushi, wa kabila letu, anajua kupigwa kunaisha.

Kule walimpa Priscille maziwa maalum kwa kikombe, kidogo kidogo, kila saa tatu. Alitapika, wakampa tena. Siku iliyofuata mji ulikufa kama ulivyotangazwa. Hakuna motokari, hakuna kengele, na mimi nikaizunguka ile nyumba nje mpaka mlinzi akaniuliza kama nimelipwa kwa kilometa. Nikiingia ndani, Maman anatazama dirisha. Nikitoka, nasikia anaongea na wamama wengine. Nikiingia, ananyamaza.

Infirmière wa kule, yaani muuguzi, jina lake Marcelline, alituambia jambo la ajabu. "Musishituke akipoteza kilo. Maji ikitoka, anashuka kwanza. Asiposhuka, njo tuogope."

Siku ya pili: saba na mia mbili. Siku ya tatu: saba na mia mbili. Mtoto wa kitanda cha tatu kutoka kwetu, ambaye naye hakuwa ameshuka, asubuhi hakuwepo, na godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka.

"Kaa chini," Maman akasema. Lilikuwa neno la kwanza kwangu tangu Jumatano. Nikakaa, miguu ikaendelea kutembea yenyewe.

"Chantal," nikasema. "Nani atamuambia?"

"Miye."

"Nilifanya mimi."

"Ukienda weye, atacheka." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma namba. "Atacheka, atasema Zagabe huyu. Halafu siku atajua, atakuja na miguu. Nitaenda miye. Lakini siendi na mikono mitupu. Nitangoja ashuke."

Siku ya tano Marcelline alimtundika Priscille kwenye mzani wa kule, akasubiri sindano itulie, akaisoma mara mbili.

"Sita na mia saba."

Nusu kilo imepotea. Nilimwangalia Marcelline, naye akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Uso wa Priscille ulikuwa umekuwa mdogo, wa kizee, macho yamebaki makubwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona alivyo kweli: mtoto aliyekonda, wa miezi kumi na mmoja, mwenye njaa ya miezi mitatu. Alifuata kikombe kwa macho kutoka mezani mpaka kitandani.

Maman alijifunga kitambaa cha kichwa, akavaa viatu. Foni ilifungua saa nne. Alifika mlangoni, akarudi, akanipa kikombe.

"Iyi ya saa nne utamupa weye. Kijiko kwa kijiko. Saa nzima, usikimbize. Na usimuchekeshe, itamupalia."

"Ndiyo, maman."

"Sema kweli."

"Ndiyo, maman."

Aliniangalia kidogo, kama anavyoangalia mzani ambao haujatulia, kisha akaondoka. Nikamweka Priscille mapajani, nikachota kijiko cha kwanza. Akakipokea. Cha pili kikatoka nusu, nikakifuta kidevuni, nikangoja. Mguu wangu wa kulia ulitaka kuinuka uende mlangoni ukaone kama Maman amefika barabarani. Nikaukanyaga kwa mguu wa kushoto, nikachota kijiko cha tatu.